Rafiki yangu Dalit kanialika kwa "askari wa usawa". Niende?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nipo mwaka wa pili wa famasia hapa Pune, India. Nimepanga chumba kwa familia moja ya watu wapole sana. Kuna mama anayekuja kila asubuhi kuosha vyombo na kupiga deki. Akimaliza hupewa chai, lakini kwa kikombe chake cha stili kinachokaa peke yake dirishani, nje ya kabati, na huinywa akiwa amechuchumaa kibarazani. Nilipomwuliza mwanafunzi mwenzangu Mhindi, akanieleza kuwa mama yule ni Dalit, yaani wa jamii zilizokuwa zikiitwa "wasioguswa", na kwamba hata yeye mwenyewe ni Dalit. Mwaka mzima tunasoma pamoja na sikulijua hilo. Sasa kanialika twende Mumbai tarehe 6 Desemba. Ni mwanachama wa kundi la kujitolea liitwalo Samata Sainik Dal. Wana sare, wanapiga gwaride, bendera yao ni ya buluu na wanasalimiana 'Jai Bhim'. Rafiki yangu Mkenya anasema nikae mbali, hao ni mgambo wa chama na nitarudishwa nyumbani kabla ya kumaliza shahada. Je, nijiunge, niende tu kutazama, au nikatae? Na kile kikombe: niseme na mwenye nyumba, au ni utamaduni wao niuache kama ulivyo?"

Marahaba, mdogo wangu. Gwaride umelitanguliza na kikombe ukakiweka mwisho, kama nyongeza ya barua. Mimi nitaanzia kwenye kikombe. Ukikielewa hicho, gwaride litajieleza lenyewe.

Tazama vizuri kinachotokea pale jikoni asubuhi. Mama yule anashika kila chombo cha nyumba ile: sufuria za wali, sahani ya baba mwenye nyumba, glasi za watoto. Anasugua, anasuuza, anapanga kabatini. Mikono yake haiharibu kitu. Ila akitaka kutia mdomo kwenye glasi moja tu kati ya hizo alizozing'arisha mwenyewe, hapo kanuni ya nyumba inamkataza. Basi mtu akikuambia ni mambo ya usafi, kumbuka hilo. Uchafu hutoka kwa sabuni. Kinachoogopwa pale ni unajisi, na sisi tuliopita madrasa tofauti hiyo tunaijua tangu utotoni: nguo inaweza kuwa na vumbi ikawa twahara, na nyingine ikawa nyeupe pe na bado ina najisi. Lakini kwetu najisi humpata mtu kwa jambo lililotokea, na maji huiondoa. Katika mfumo wa matabaka ya kuzaliwa, mtu huja nayo duniani na huzikwa nayo, na huaminiwa kuwa anaipitisha kwa wengine kwa vitu vinavyoingia mwilini: maji, chakula kilichopikwa, mate. Kwa Kimarathi, lugha ya huko, kuna neno *ushta*, yaani kile kilichokwisha kuguswa na mdomo wa mtu. Ndiyo maana huko mpaka kati ya tabaka na tabaka huonekana kisimani na jikoni kabla ya kuonekana mahali pengine.

Na nina hakika mama huyo wote mnamwita *maushi*. Maana yake mama mdogo, dada wa mama. Anaitwa mama mdogo, glasi hapewi.

Usidhani nawasimanga Wahindi. Dar na Nairobi ziko nyumba ngapi ambamo dada wa kazi ana sahani yake ya plastiki na kikombe chake chenye mpini uliovunjika? Nimekula kwenye nyumba hizo, na nilinyamaza kama wewe. Lakini iko tofauti inayostahili kuelezwa, maana neno letu "tabaka" linabeba mambo mawili na kutuchanganya. Kikombe cha dada wa kazi wa Dar ni cha umaskini. Mtoto wake akisoma, akawa hakimu, akirudi nyumba ileile atatolewa vikombe vya wageni, na hakuna atakayekumbuka cha plastiki. Kikombe cha dirishani Pune kinafuata damu. Binti wa maushi anaweza kuwa daktari, akapanga nyumba mtaa mzuri, na bado jirani akauliza jina lake la ukoo, akanyamaza kidogo, kisha akaanza kukataa mwaliko wa chai. Kwa hiyo anayekuambia "hayo ni mambo ya maskini tu, uchumi ukikua yataisha" anazungumzia ugonjwa mwingine.

Hapo ndipo lilipo pia jibu la kwa nini rafiki yako alinyamaza mwaka mzima. Jina la ukoo huko ni kama kitambulisho kilichobandikwa kwenye paji la uso, na kuna familia zilizobadili majina kwa ajili hiyo. Vyuoni kuna jambo la ziada: Katiba inaruhusu nafasi maalumu kwa wanafunzi wa makundi haya, na mwanafunzi akijulikana hukuta kila alama anayopata inapimwa upya na wenzake, kana kwamba imeazimwa. Kukuambia kwake ni kukuamini. Usiipeleke habari hiyo bwenini.

Neno Dalit maana yake waliopondwa, waliovunjwavunjwa. Wamelichagua wenyewe. Utasikia wazee wakisema Harijan, "watu wa Mungu", neno lililoenezwa na Gandhi. Wengi wao hulichukia kwa sababu linabembeleza bila kutoa haki, kwa hiyo usilitumie. Serikali husema *Scheduled Castes*, yaani matabaka yaliyoorodheshwa. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu milioni 201 walioko kwenye orodha hiyo, asilimia 16.6 ya Wahindi wote. Na orodha yenyewe haiwahesabu Dalit Wakristo wala Waislamu, kwani amri ya mwaka 1950 ilianza na Wahindu, ikapanuliwa kwa Masingasinga mwaka 1956 na kwa Mabudha mwaka 1990, ikaishia hapo. Kubadili dini hakufuti jina la ukoo mtaani.

Sasa utauliza: watu milioni 200 wanashindwaje kukataa? Hapa ndipo penye ufundi wa mfumo huu. Si ukuta mmoja wenye walio juu na walio chini. Ni ngazi, na karibu kila anayekanyagwa ana wa kumkanyaga. Fundi wa ngozi ana anayemdharau, mfagiaji ana anayemdharau, na kila mmoja anaogopa zaidi kuteremka kipandio kimoja kuliko anavyotamani ngazi yote ianguke. Ndoa ndiyo misumari yake: watu wakioana ndani ya kundi lao tu, kizazi kwa kizazi, hakuna shangazi wala shemeji upande wa pili wa kukuonea haya. Na kijijini kuna silaha ya tatu, ya kususiwa. Dalit hukaa mtaa wao wa pembeni. Shamba ni la mwingine, kisima ni cha mwingine, duka ni la mwingine, hata kazi ya kesho ni ya mwingine. Mmoja wao akithubutu kupanda farasi siku ya harusi yake au kuteka maji mahali palipokatazwa, si lazima apigwe. Inatosha dukani wakatae kumwuzia unga, na mwenye shamba amwambie asije tena. Yeye na mtaa wake mzima. Siku ya nne wazee wa kwao wenyewe watamwendea kumsihi aombe radhi.

Basi weka akilini mtaa huo uliosusiwa, halafu ulitazame kundi la rafiki yako.

Mahad ni mji mdogo wa eneo la Konkan, si mbali na hapo ulipo. Mwaka 1923 Baraza la Kutunga Sheria la Bombay (jina la zamani la Mumbai) lilipitisha azimio kwamba visima, mabwawa na shule zinazoendeshwa kwa fedha za umma ziwe wazi kwa "wasioguswa". Mwaka uliofuata halmashauri ya Mahad ikalikubali. Kwa hiyo kwenye karatasi bwawa la mjini, liitwalo Chavdar, lilikuwa la kila mtu. Miaka mitatu ikapita, hakuna Dalit aliyethubutu kuteka hata kata moja. Ng'ombe walikunywa.

Tarehe 20 Machi 1927 waliokuwa kwenye mkutano pale Mahad walitoka kwa msafara, wakashuka hadi bwawani, wakanywa. Mbele yao alikuwa Bhimrao Ramji Ambedkar, mtoto wa ofisa mdogo wa zamani wa Kihindi (subedar) katika jeshi la Waingereza, mwanasheria mwenye shahada za Chuo Kikuu cha Columbia na za London, ambaye shuleni alikalia gunia alilotoka nalo nyumbani na kunywa maji siku tu ambazo tarishi wa shule alikuwepo kummiminia kwa juu. Baada ya saa chache ukavuma uvumi mjini kwamba sasa wanataka kuingia hekaluni. Watu wakatoka na marungu, wakawavamia wajumbe wakiwa wanakula na wengine wakifungasha kurudi kwao. Kati ya wajumbe walikuwemo askari wastaafu wanaojua kupigana vizuri sana. Ambedkar akawazuia wasirudishe. Kisha wenye mji wakalitakasa bwawa kwa kumimina vyungu 108 vya samadi na mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maziwa na mtindi, na jambo likaenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Bombay iliwapa Dalit haki yao mwezi Machi 1937. Kunywa maji siku moja, kesi karibu miaka kumi.

Mwezi huohuo wa Machi 1927 ndio ambao mara nyingi huhesabiwa kuwa wa kuzaliwa kwa Samata Sainik Dal. *Samata* ni usawa, *sainik* ni askari, *dal* ni kikosi. Ukiyasikia maneno hayo kwa sikio la leo unaona bunduki. Yasikie kwa sikio la wakati ule. Watu wa jamii ya Mahar, ambayo Ambedkar alitoka humo, walitumikia jeshi la Waingereza kwa miaka mingi, kisha mlango wa kuandikishwa ukafungwa mwishoni mwa karne ya 19. Vijijini walibaki wazee wa pensheni waliojua kusimama mstari, kuamka kwa kipenga na kutii amri ya kutopiga. Isitoshe, India yote ya miaka hiyo ilikuwa na vikosi vya kujitolea vyenye kwata na sare, vya kila upande wa siasa. Na kwetu pia: vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wanacheza beni, ngoma ya kuigiza gwaride la kijeshi, na Jenerali wao na Kingi wao, kofia, vifungo vya shaba, wala bunduki hapana. Mtu aliyenyimwa heshima hupenda kutembea amenyooka. Sioni cha kucheka hapo.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Kulinda mikutano isivunjwe. Kuongoza umati ili polisi wasipate kisingizio. Kuingia na magunia ya nafaka katika mtaa uliosusiwa. Kumsindikiza mtu hadi kituo cha polisi na kukaa naye kwenye benchi mpaka malalamiko yake yaandikwe, kwa sababu mtu mmoja mwenye kilio hufukuzwa mlangoni, lakini watu ishirini waliojipanga kimya huandikiwa. Tarehe 7 Novemba 1938, wafanyakazi wa viwanda vya Bombay walipogoma siku moja kupinga muswada wa kubana migomo, watu wa Dal walikuwa barabarani kusimamia utulivu. Tarehe 14 Oktoba 1956 Ambedkar alipoingia dini ya Budha mjini Nagpur pamoja na malaki ya wafuasi wake, ilihitajika mikono mingi ya kujitolea kupanga umati ule, na ya Dal ilikuwemo. Kabla ya miezi miwili kutimia, tarehe 6 Desemba, alifariki. Ndiyo siku uliyoalikiwa. "Jai Bhim" ni "ushindi kwa Bhim", jina lake la kwanza lililofupishwa.

Sasa rafiki yako Mkenya. Amekosea nusu. Mgambo kwetu hutumwa na serikali, na sungusungu hukamata na kuadhibu. Dal ya asili haikuwa na hukumu ya kutoa wala mtu wa kumpiga. Silaha yake ilikuwa idadi na utaratibu. Chama cha siasa pia si. Ambedkar aliunda vyama vya siasa kando ya kikosi hiki, na chama kilichoanzishwa kwa jina la fikra zake mwaka 1957, cha Republican, kimegawanyika vipande vingi hata wenyewe wanatania kuhusu idadi. Lakini nusu ya pili ya maneno ya Mkenya ina uzito. Kundi la kutetea haki haliishi hewani. Viongozi wa vyama huja kwenye majukwaa yake, wakati wa uchaguzi bendera ya buluu hutafutwa na wengi, na jina la Samata Sainik Dal lenyewe leo hudaiwa na makundi zaidi ya moja. Mwulize rafiki yako lake ni lipi, linaongozwa na nani katika wilaya yenu, na kazi yake ya wiki ni ipi. Akikuambia wana darasa la jioni la watoto na zamu ya kufuatilia kesi, hilo ni jibu tofauti na akikuambia wanasubiri mkutano wa mgombea.

Usisahau pia kwamba wewe ni mgeni mwenye viza ya masomo. Viza hiyo imekupa ruhusa ya jambo moja, kusoma. Desemba 2019 mwanafunzi Mjerumani aliyekuwa Chennai kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi aliambiwa aondoke India baada ya kuonekana kwenye maandamano ya kupinga sheria ya uraia. Hakumpiga mtu, alibeba bango. Ofisa wa uhamiaji hatakuuliza kama sababu ilikuwa njema. Kwa hiyo kujiunga, kwa maana ya kujaza fomu, kuvaa sare na kuingia kwenye mstari wa gwaride, jibu langu ni hapana, na rafiki yako akiwa mwungwana ataelewa upesi kuliko unavyodhani. Na pesa usitoe. India ina sheria ya mwaka 2010 inayosimamia michango kutoka nje, na raia wa kigeni ni "nje" hata kama ametoa rupia mia tano akiwa amesimama Pune. Kundi lisilosajiliwa kupokea michango hiyo linaweza kuingia matatani kwa sababu ya ukarimu wako. Wengi hawalijui hili, na nimeona watu wema wakiwaponza wenzao hivyo. Kununua kitabu kwenye meza yao ni biashara, haina tatizo.

Kwenda Mumbai kama mgeni wa rafiki ni habari nyingine. Tarehe 6 Desemba mahali mwili wa Ambedkar ulipochomwa baada ya kufa kwake, Chaitya Bhoomi, ufukweni Dadar, hufurika watu malaki kwa malaki: vikongwe waliosafiri siku mbili kwa treni, watoto mabegani, mafundi wa viatu, maprofesa. Ni siku ya kumbukumbu, na wageni huwepo. Watu wa kujitolea hupanga foleni, hurudisha watoto waliopotea, hugawa maji na chakula. Kuna vibanda vya vitabu vingi mno. Sijaona msiba mwingine duniani ambao waombolezaji hurudi nyumbani wamebeba vitabu. Nenda na nguo zako za kawaida. Ukiona kundi limeanza kugeuza foleni kuwa maandamano yenye madai ya siku hiyo, jitoe pembeni bila kujieleza. Kama mwaliko ungekuwa wa tarehe 1 Januari kule Bhima Koregaon, karibu na Pune, ningekuambia usubiri. Mkusanyiko ule wa kukumbuka vita vya mwaka 1818 ulivamiwa mwaka 2018, mtu mmoja akafa, na kesi zilizofuata ziliwapeleka gerezani wasomi na mawakili kwa miaka. Si mahali pa viza ya mwanafunzi.

Kabla ya safari, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, kwa miguu, na uulize ana kwa ana wanavyoshauri kuhusu kuhudhuria mikusanyiko. Mimi naandika nikiwa mbali na kanuni za uhamiaji hubadilika. Nambari ya Ubalozi wetu New Delhi uwe nayo kwenye simu na kwenye karatasi, maana simu huibwa kwenye umati.

Turudi dirishani. Unauliza kama ni utamaduni wao. Wa nani? Maushi naye ni Mhindi, na hakuna aliyemwuliza kama kikombe kile ni utamaduni wake. Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950 na ambayo kamati yake ya uandishi iliongozwa na Ambedkar huyohuyo, inasema katika ibara ya 17 kwamba kutengwa kwa "wasioguswa" kumefutwa na ni marufuku kwa namna yoyote ile. Huo pia ni utamaduni wao, tena umeandikwa. Hata hivyo, katika utafiti mkubwa wa kaya uliofanywa India mwaka 2011 na 2012, zaidi kidogo ya robo ya kaya zilikiri zenyewe kuwa zinatenga kwa namna fulani. Hizo ni zilizokiri. Mwenye nyumba wako, basi, si jini. Ni mtu mpole anayefanya alichoona kwa mama yake, na akiulizwa huenda akakasirika kwa dhati kwamba umemdhania ubaya.

Ukikimbilia sheria kwa jambo hili hutafika mbali, na ni heri ulijue mapema. Sheria ya mwaka 1955 dhidi ya utengaji huo inalenga zaidi mahali pa umma, kama maduka, visima, mahekalu na hospitali. Ile kali ya mwaka 1989, inayolinda Dalit na jamii za makabila dhidi ya ukatili, inaadhibu matusi na udhalilishaji wa kitabaka mahali watu wanapoweza kuona, na Mahakama ya Juu mwaka 2020 ilisema matusi ya ndani ya kuta nne bila shahidi wa nje hayaingii humo. Kikombe kilichotengwa kimyakimya jikoni hakina polisi.

Kwa hiyo usianze na mwenye nyumba. Anza na mwenye kikombe. Ukisema wewe, utakayeachishwa kazi si wewe. Mwombe rafiki yako akutafsirie Kimarathi siku moja nje ya nyumba ile, umwulize maushi anaonaje, nawe ukubali jibu lolote. Pengine atasema nyumba hii inalipa vizuri na kwa wakati, niache na kikombe changu. Pengine atacheka akuambie nyumba nyingine hapewi chai kabisa. Jibu lake likikuudhi, meza. Lililo lako ni chumba chako. Nunua vikombe viwili vya aina moja, chemsha chai yako, mkaribishe akipenda, mnywe, uoshe mwenyewe. Mwenye nyumba akiona, akikuuliza, mwambie kwa upole kwamba kwenu mgeni na mwenyeji hunywea vyombo vya namna moja. Hujamhukumu, umemweleza desturi ya kwenu, na hapohapo umejisuta kidogo kuhusu Dar.

Na kabla ya hayo yote, chunguza jambo moja: glasi yako wewe inakaa wapi? Niliposoma sheria Maharashtra, jimbo hilohilo la Pune, miaka ya tisini, niligundua baada ya miezi saba kwamba sahani niliyokuwa napewa ilikuwa ileile kila siku, yenye alama ya msumari chini. Nyumba ilikuwa ya watu wasiokula nyama, na mimi nilijulikana ni mlaji. Nilidhani nimepewa sahani yangu kwa mapenzi. Matangazo ya vyumba yanayosema "wasiokula nyama tu" huchuja mengi zaidi ya nyama, na mwanafunzi Mwafrika ni miongoni mwa wanaochujwa.

Mambo yakivuka kikombe, shauri langu linabadilika. Maushi akinyimwa ujira, akipigwa, akitukanwa kwa jina la tabaka lake mbele ya watu, au mtaa wake ukisusiwa, hapo sheria ina meno. Maharashtra ina sheria yake ya mwaka 2016 dhidi ya kususia watu. Nambari ya bure ya taifa ya kuripoti ukatili dhidi ya Dalit ni 14566, na ya dharura ni 112. Kila wilaya ina mamlaka ya msaada wa kisheria, na kwa sheria ya mwaka 1987 wanawake na watu wa matabaka yaliyoorodheshwa hupewa wakili bila malipo, hata wakiwa na kipato. Maushi anastahili kwa sababu zote mbili. Anayefaa kumpeleka pale ni rafiki yako na wenzake. Hiyo ndiyo kazi hasa waliyoundiwa. Wewe ukiwa umeona kwa macho yako, andika siku hiyohiyo ulichokiona, tarehe, saa, maneno yaliyosemwa, ukiweke. Shahidi hahitaji sare. Wala hahitaji kuwa wa tabaka lile: walipokutana tena Mahad Desemba 1927 wakachoma hadharani kitabu cha kale cha sheria za matabaka, aliyetoa hoja kichomwe alikuwa Brahmin, wa tabaka la makuhani lililo juu kabisa, Gangadhar Nilkanth Sahasrabuddhe. Lakini alitoa hoja kwenye mkutano ulioitishwa na wengine, naye alikuwa kwao.

Safari yenyewe: tiketi ya kurudi ikate wiki kadhaa mapema, kwa sababu treni za siku zile hujaa hadi milangoni. Ukishuka Dadar tokea upande wa magharibi, ufuate watu kuelekea Shivaji Park, hutahitaji ramani. Foleni inaweza kula siku nzima, vaa viatu vya kuzoeleka. Usipige picha za nyuso bila kuomba. Na mtu usiyemjua akikuambia "Jai Bhim", jibu lake ni hilohilo.